Jamu ya Bei Rahisi Imo Kwenye Maganda

Watu wengi wanaotaka kupika jamu nyumbani kwa gharama ndogo huanza kwa kuutazama mfuko wa sukari. Wanaona huo ndio unaokula fedha, basi wanapunguza sukari hadi nusu. Kinachofuata kinajulikana: sufuria inakaa motoni muda mrefu, jamu inatoka kidogo tena inachuruzika, na haikawii kuota ukungu. Wakipiga hesabu wanaona heri wangenunua iliyo tayari, na sufuria inarudi kabatini.

Nimepika jamu kwa miaka mingi na ninaipenda kazi hii kwa dhati, kwa hiyo naomba niitetee. Jamu ya nyumbani inaweza kuwa nafuu kweli, na ikawa tamu kuliko ya kununua, lakini akiba haipatikani kwa kuibana sukari. Inapatikana mahali pawili ambapo hatujazoea kupahesabia: kwenye ndoo ya taka, tunapomenya matunda, na kwenye moto, tunapovukiza maji ambayo hayakuwa na haja ya kuingia sufuriani.

Nianze na ndoo ya taka.

Kinachoifanya jamu itulie kwenye kijiko badala ya kutiririka ni pektini. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot ndiye aliyeieleza mwaka 1825, ingawa wapishi walikuwa wakiitegemea tangu zamani bila kujua ni kitu gani. Pektini ni minyororo mirefu iliyomo kwenye kuta za seli za mimea, na kazi yake huko ni kuzishikamanisha seli. Tunda likichemka, minyororo hiyo huachia na kuingia kwenye maji. Ikiwa ndani ya maji matupu haishikani, kwa sababu kila mnyororo umezingirwa na maji na una chaji hasi inayousukuma mbali na mwenzake. Sukari ikiingia, inajivutia yale maji. Uchachu nao unaipunguza ile chaji. Hapo minyororo inasogeleana, inashikana, na kujifuma kama wavu unaonasa maji, ladha na vipande vyote vya tunda. Jamu yenyewe ndiyo hiyo.

Wavu huo hufumwa vizuri pale sukari yote, ya tunda na ya kuongeza, inapofika karibu asilimia 65 ya uzito wa kilichomo sufuriani, uchachu ukiwa karibu na pH 3 (pH ni kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi), na pektini ikiwa kidogo tu, kama asilimia 1 au pungufu. Kimoja kikikosekana, vingine viwili haviwezi kuziba pengo lake. Unaweza kumwaga sukari upendavyo kwenye nanasi lililoiva sana lisilo na pektini wala ndimu. Utapata shira tamu, hutapata jamu.

Sasa tazama vitu hivi vitatu kwa jicho la mtu anayechunga mfuko wake. Sukari lazima uinunue. Uchachu unatoka kwenye limau au ndimu moja mbili. Pektini ulishailipia siku uliponunua matunda, ila imekaa sehemu zile tunazozikata na kuzitupa: maganda, utando mweupe wa machungwa na malimau, mbegu, na moyo mgumu wa tufaha. Nyama laini tunayoipenda ndiyo mara nyingi yenye pektini kidogo zaidi. Pektini ya unga inayouzwa kwenye pakiti hutengenezwa zaidi kwa maganda ya machungwa na malimau na makapi ya matufaha yaliyokwisha kukamuliwa. Anayetupa maganda ya machungwa asubuhi na kununua pakiti ya pektini jioni amelipia kitu kilekile mara mbili. Siichukii pakiti. Ina kazi yake, hasa kwa mtu mwenye haraka. Lakini kwa anayetafuta unafuu, ni gharama ya kwanza kuiondoa kwenye orodha.

Matunda hayafanani kwa jambo hili, na kujua tofauti zake kunasaidia kuliko mapishi yoyote ya kukariri. Mapera, matufaha machachu, malimau, ndimu, machungwa, hasa machungwa machungu, na plamu zisizoiva sana yana pektini tele. Stroberi, nanasi, pichi, peasi na embe lililoiva yana kidogo. Na ndani ya tunda lilelile, umri hubadili mambo. Tunda bichi lina pektini nyingi lakini ngumu, inayohitaji moto na uchachu ili iachie. Tunda lililoiva sawasawa linaitoa kwa urahisi. Likipitiliza, vimeng'enya vyake lenyewe vinaikatakata ile minyororo mpaka haifumiki tena. Ndiyo sababu matunda yaliyolegea sana, yale ya bei ya kutupa ya mwisho wa siku, hunukia vizuri ajabu lakini yakipikwa peke yake hayagandi.

Sisemi uyaache. Yanunue, kwa sababu harufu na utamu wake ndio unaoutaka, lakini uyape wenzake wenye nguvu. Kanuni ninayoifuata ni robo tatu ya matunda yaliyoiva na robo moja ya yale ambayo bado kidogo. Kwa embe, hiyo robo ikiwa embe bichi lililokunwa, unapata pektini na uchachu kwa pamoja. Palipopondeka pakate uache pazima pakiwa na afya. Lililoota ukungu halifai hata kama ukungu ni upande mmoja.

Maganda na mbegu huwa nayafunga kwenye kipande cha kitambaa safi chembamba cha pamba, nakaza fundo kwa uzi, na kukitumbukiza sufuriani pamoja na matunda tangu mwanzo. Matunda yakishalainika, nakitoa kifurushi, nakiacha kipoe mpaka kinashikika, kisha nakikamua kwa nguvu juu ya sufuria. Kinachotoka mwishoni mwa kukamua ni ute mzito unaoteleza vidoleni. Wengi huishia kwenye yale maji mepesi ya mwanzo wakadhani kazi imekwisha, na ule ute, ambao ndio wenye pektini nyingi, unabaki kitambaani na kwenda na taka.

Mbegu za malimau zina maajabu yake. Kila nikikamua limau kwa kazi nyingine, naweka mbegu kwenye kichupa ndani ya friza. Zikishakuwa konzi moja nazilaza kwenye maji kidogo usiku kucha, na asubuhi maji yamekuwa ute mzito. Ute huo unatosha kuisaidia sufuria ya stroberi au nanasi, na haukugharimu chochote. Maganda ya tufaha nayo hukaa friza vilevile mpaka siku ya kazi. Ganda la pasheni, lile ambalo kila mtu hulitupa akishachota mbegu, lichemshe mpaka sehemu yake ya ndani ilainike na kubadilika rangi, ikwangue kwa kijiko, uisage. Inaganda vizuri, na inaongeza wingi wa jamu bila kuharibu ladha. Moyo wa nanasi ukune, usiutupe. Hauna pektini ya kutosha lakini ni tunda uliloliingiza kwenye mizani ukalilipia.

Kabla ya kuweka sukari unaweza kujua kama pektini inatosha. Chota kijiko kidogo cha maji ya tunda yaliyokwisha kuchemka, yapoe, uyamimine kwenye vijiko vitatu vya spiriti ndani ya kikombe, utikise polepole usubiri kama dakika moja. Likijifunga bonge moja, pektini ipo ya kutosha. Vikija vinyuzi na madonge madogo tu, ongeza ute wa mbegu au maganda, uendelee kuchemsha kidogo. Kilicho kikombeni kimwage mbali, usikionje, maana spiriti ni sumu, na kikombe hicho kioshwe vizuri.

Sasa sukari, ambayo ndiyo inayosingiziwa kila mara.

Chukua kilo 1 ya matunda yaliyokwisha kumenywa. Yana, kwa makisio, gramu 120 za sukari yake na vitu vingine vilivyoyeyuka; sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Ukiweka gramu 800 za sukari, jumla inakuwa gramu 920. Ili hizo 920 ziwe asilimia 65 ya jamu, uzito wa jamu yote lazima uwe karibu kilo 1.4. Maana yake unahitaji kuvukiza kama gramu 385 za maji, na umekwisha. Haya, sasa ipunguze sukari iwe gramu 500. Jumla inakuwa 620. Kufika asilimia ileile, jamu yote lazima ishuke mpaka gramu 950 hivi, na maji ya kuvukiza yanapanda mpaka karibu gramu 550.

Tazama kilichotokea. Umeokoa gramu 300 za sukari, lakini umepoteza karibu gramu 450 za jamu, na umechoma moto zaidi kuzipoteza. Juu ya hayo, tunda lililochemka muda mrefu zaidi limepoteza rangi na harufu, na pektini yenyewe imeanza kukatika kwa joto. Ukikataa kuchemsha muda huo wa ziada, unapata chupa nyingi za kitu laini chenye sukari isiyotosha kukilinda. Sukari hukinga jamu kwa kuyashikilia maji, hivyo bakteria na chachu wanakuwa kwenye chakula wasichoweza kukinywa. Ikipungua, maji yanabaki huru na wageni wanakaribia.

Sikatai jamu ya sukari kidogo. Nyumba nyingi zina sababu nzuri ya kuitaka, na ina utamu wake wa tunda jipya. Lakini ni chakula kingine, chenye masharti mengine: hukaa kwenye friji na kuliwa ndani ya wiki chache, au hukaa friza. Anayeipika aipike kwa sababu anaitaka hivyo, asidhani kwamba amepata jamu ileile ya kabatini kwa bei ya chini.

Historia inalionyesha jambo hili vizuri. Kwa karne nyingi matunda ya kupikwa kwa sukari yalikuwa chakula cha meza za matajiri, kwa sababu sukari ilikuwa ghali. Mwaka 1747 mkemia wa Berlin, Andreas Marggraf, aligundua kwamba sukari iliyomo kwenye kiazisukari ni ileile ya muwa, na mwanzoni mwa karne ya 19 viwanda vya kwanza vya sukari hiyo vikaanza. Uingereza ilipofuta ushuru wa sukari mwaka 1874, jamu ikawa chakula cha kila siku cha familia za wafanyakazi. Matunda yalikuwepo siku zote. Kilichofungua mlango kilikuwa sukari. Na wakati wa Vita Vikuu vya Pili, sukari ilipoanza kugawiwa kwa mgao nchini humo Januari 1940, serikali ilivipatia vikundi vya wanawake vya Women's Institutes sukari ya ziada ili wapike jamu, mavuno ya matunda yasiozee mashambani. Katika nyakati za uhaba mkubwa kiasi kile, sukari ilionekana inastahili kwenda kwenye jamu, kwa kuwa kila kilo iliyoingia huko iliokoa matunda ambayo yangepotea. Mgao wenyewe haukuisha mpaka 1953.

Kwa hiyo mimi natumia kati ya gramu 750 na kilo 1 kwa kila kilo ya tunda, kutegemea utamu na uchachu wa tunda. Sukari nyeupe ya kawaida kabisa inatosha. Sukari za majina makubwa haziongezi kitu isipokuwa bei.

Gharama kubwa inayojificha ni moto. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka 100 za Selsiasi kunahitaji takriban kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260 nyingine, karibu mara saba. Ukilielewa hilo, unaanza kuyaogopa maji. Kila kikombe cha maji unachokiongeza mwanzoni "ili yasiungue" utakilipia mwishoni, tena kwa bei ya juu. Matunda yenye maji mengi, nanasi au stroberi, hayahitaji hata tone. Yachanganye na sehemu ya sukari yake usiku, yafunike, na asubuhi utayakuta yanaogelea kwenye maji yake yenyewe, tayari kwa moto. Tufaha na pera zinahitaji maji kidogo ya kufunika chini ya sufuria tu. Maganda magumu ya machungwa na malimau ndiyo yanayohitaji maji mengi, na hayo nayakata nyembamba, nayaloweka usiku kucha yalainike bila moto, kisha nayapika kwenye sufuria ya presha.

Katika hatua ya kulainisha matunda, funika sufuria: hapo unataka joto libaki ndani. Ukishaweka sukari, fungua: hapo unataka mvuke utoke. Na sufuria iwe pana. Mvuke unatokea juu ya uso wa kilichomo, basi sufuria pana humaliza kwa dakika chache kazi ambayo sufuria nyembamba ndefu huifanya kwa saa nzima. Isijae zaidi ya theluthi moja hivi, kwa sababu jamu ikitokota hupanda kwa ghafla. Kilo moja au mbili za matunda kwa mpiko mmoja ndicho kiasi ninachokipenda. Kupika kilo tano kwa pamoja kunaonekana ni akili ya kuokoa moto, lakini chungu kikubwa huchelewa kupunguza maji, pektini inakatika njiani, na jamu inatoka nyeusi na nzito isiyo na harufu. Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Alumini tupu na uchachu havipatani.

Mpangilio wa kazi una sababu zake. Tunda lenye ganda au nyama ngumu lilainishwe kwanza bila sukari, likiwa na maji ya limau na kile kifurushi cha maganda, kwa sababu sukari huyakaza maganda na kuizuia pektini isitoke. Tunda likiiva kabisa, weka sukari, koroga kwa moto mdogo mpaka usisikie tena chembe zikikwaruza chini ya mwiko. Kisha ongeza moto mpaka itokote kwa nguvu. Punje ya sukari isiyoyeyuka kabla ya kuchemka ndiyo inayorudi baadaye kama mchanga ndani ya chupa. Povu usiliengue kila dakika. Subiri mwisho uliengue mara moja, maana ukiengua mfululizo unatupa jamu. Kipande kidogo cha siagi hulituliza lisisumbue. Povu lenyewe ni jamu yenye hewa tu, na nyumbani kwangu linakwisha kabla chupa hazijapoa.

Kujua wakati wa kuepua ndiyo sanaa ya kazi hii. Kipimajoto kinasaidia: jamu huwa tayari ikifika nyuzi 104 mpaka 105 kwenye usawa wa bahari. Mahali palipoinuka, maji huchemka kwa joto la chini zaidi, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Basi chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto kinasema nini, uongeze nyuzi 4 au 5 juu ya hapo. Asiye na kipimajoto aweke visahani viwili vitatu kwenye friza kabla ya kuanza. Ikikaribia, epua sufuria, dondosha tone kwenye kisahani cha baridi, lipe dakika moja, lisukume kwa kidole. Uso wake ukikunjamana, imekubali. Sufuria iwe nje ya moto wakati unapima, maana katika dakika hizo jamu huvuka kutoka nzuri hadi ngumu.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni mizani, na nashangaa haisemwi sana. Pima sufuria tupu pamoja na mwiko wake na kibao cha kuiwekea, andika uzito. Ongeza uzito wa jamu unaoutarajia kwa ile hesabu ya juu, mfano kilo 1.4 kwa kilo ya tunda na gramu 800 za sukari. Mizani ikisoma jumla hiyo, maji yaliyotakiwa kuondoka yameondoka, hata kama uliongeza kikombe kizima mwanzoni. Haijali mwinuko, na inakukataza kuchemsha hata dakika moja ya ziada.

Kuna mara jamu haitaganda. Usiirudishe motoni siku hiyohiyo. Pektini nyingine huchukua siku moja au mbili kushikana, hasa ya machungwa. Ikiwa bado inatiririka, ionje kwanza. Kama utamu umezidi bila ukali wowote, kinachokosekana ni uchachu, na maji ya limau pamoja na dakika chache za moto mkali mara nyingi yanatosha. Kama ni chachu vizuri na bado nyepesi, ongeza ute wa mbegu au maganda. Lakini ile iliyochemshwa mno, yenye rangi ya kahawia na harufu ya sukari iliyoungua, pektini yake imekatika na kuichemsha tena kunaimaliza zaidi. Hiyo ni shira. Imimine kwenye mtindi, ichanganye na maji ya baridi na limau, ipake juu ya keki ikiwa moto.

Kwa papai, ndizi na tikiti nasema tofauti kidogo. Matunda haya hayana uchachu wa kutosha, na hili linahusu usalama kuliko kuganda. Bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu ya kuua ndani ya chakula kilichofungwa, hawaoti penye pH chini ya 4.6, na jamu za kawaida ziko chini ya hapo kwa mbali. Papai lililoiva linaweza kuwa juu yake. Ninaliwekea maji ya limau mengi, mpaka rojo liwe chachu waziwazi kabla ya sukari, na bado jamu yake naiweka friji.

Chupa zisikugharimu. Chupa yoyote ya kioo yenye mdomo mpana iliyokuja na chakula kingine inafaa, mradi mdomo haujamegeka. Vifuniko ndivyo vya kuchunguza: ule mpira wa ndani ukiwa umechanika, au kifuniko kikiwa na kutu au kinanuka achari hata baada ya kulowekwa kwenye maji ya magadi, nunua kipya. Ni sehemu pekee ya chombo ninayoilipia bila kulalamika.

Joto ndilo linalofanya kazi hapa. Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitamutamu, aligundua kwamba chakula kilichofungwa kwenye chupa na kuchemshwa humo hakiharibiki, na serikali ya nchi yake ikampa zawadi ya faranga 12,000 mwaka 1810. Ilikuwa miongo kadhaa kabla Louis Pasteur hajaonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoharibu chakula. Basi osha chupa kwa sabuni na maji ya moto, zichemshe dakika 10, zibaki za moto mpaka jamu iwe tayari. Jamu ya moto iingie kwenye chupa ya moto. Kioo baridi hupasuka, na jamu iliyopoa hukaribisha hewa yenye vijidudu. Acha nafasi ya kama nusu sentimita juu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kwa sababu tone moja la jamu linatosha kuzuia kifuniko kisikaze, funga. Kwa jamu ya kukaa miezi, zirudishe chupa zilizojaa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji yazifunike kabisa, kwa dakika 10, na zaidi kidogo mahali palipoinuka. Zikipoa, bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kilichobonyea chenyewe na hakirudi kimeshika. Kinachoitika kwa mlio hakikushika, na chupa hiyo ikae friji na kuliwa kwanza.

Zilizoshika zikae mahali pa giza na baridi, zitafika mwaka mmoja zikiwa na rangi yake. Iliyofunguliwa ikae friji, na kijiko kinachoingia kiwe safi na kikavu. Ukiona ukungu juu, usiukwangue na kula kilichobaki. Kuvu nyingine hutoa sumu inayoshuka ndani zaidi ya inapoonekana. Tupa chupa nzima.

Na kila chupa iandike siku hiyohiyo: tunda, tarehe, sukari kwa kila kilo, na uzito uliotoka. Msimu ukirudi utaanza na hesabu yako mwenyewe, kwa matunda unayoyapata wewe na jiko lako, na hutahitaji kunisoma tena.